Kwenye mlima kilo hazifanani: misuli, uzito wa mwili na wanaopanda kwa skii

Ubishi uliopo kwenye vikundi vingi vya jogging hapa Dodoma, hasa wale wanaopenda kwenda kupandisha miinuko ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) asubuhi, ni nani anafaa kwenye mlima, mtu mwembamba au mtu mwenye misuli. Watu wa jimu wanasema mlima ni nguvu na nguvu inatoka kwenye misuli, kwa hiyo ukijenga mapaja na mgongo umemaliza kazi. Wembamba wanajibu wewe beba kilo zako 90 sisi tunakusubiri juu. Wote wanaongea ukweli nusu nusu, na ule ukweli wenyewe mzima unaonekana vizuri sana ukiangalia mchezo ambao huku kwetu hatuchezi kabisa, kupanda mlima wa theluji kwa skii, vile vibao virefu vyembamba vya kufunga miguuni.

Kwa nini skii? Kwa sababu mwanaskii anatumia miguu na mikono kwa pamoja, anasukuma chini kwa miguu na anajivuta kwa fimbo mbili, alafu kwenye shindano moja anapanda, anapita tambarare na anashuka. Kwa hiyo ile hasara na faida ya kila kilo inaonekana yote ndani ya saa moja. Kuna wa aina mbili wanaotuhusu hapa. Wa kwanza ni wa skii za masafa, wale wanaoenda kilomita 10, 20 mpaka 50 kwenye njia iliyotengenezwa. Wa pili ni wa skii za kupanda milima, hawa wanabandika kitambaa chenye manyoya chini ya skii ili isiteleze kurudi nyuma, wanapanda mlima mkali, wanabandua kitambaa, wanashuka. Huo wa pili umeingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2026 kule Italia.

Tuanze na hesabu, ni fupi na ukiishika vizuri mengine yote yatakuja yenyewe.

Chukua mwinuko wa asilimia 10, yaani kila mita 100 unazoenda mbele unapanda mita 10. Ukienda kilomita moja umejiinua mita 100 kwenda juu. Mtu wa kilo 60 kujiinua mita 100 anahitaji nishati ya kama juli 59,000, na wa kilo 80 anahitaji kama 78,500. Wakipanda kwa dakika 5, yule wa 60 anatoa wati 196 (wati moja ni juli moja kwa sekunde) na yule wa 80 wati 262, hiyo ni kazi ya kujiinua tu, hujaweka msuguano wala nguvu ya kurusha mikono na miguu. Sasa ukigawa wati kwa kilo unakuta wote wanatoa wati 3.27 kwa kila kilo, ileile. Ndo mana makocha wa mlimani hawaulizi una nguvu kiasi gani, wanauliza una nguvu kiasi gani kwa kila kilo uliyonayo. Anayetoa wati nyingi kwa kilo ndo anatangulia kileleni na hii haijali kama unapanda kwa skii, kwa baiskeli au kwa raba za kawaida.

Kwa hiyo zile kilo 20 za tofauti ni sawa na kumbebesha yule mwembamba dumu la maji la lita 20 mgongoni akapanda nalo. Lakini hapa ndo watu wengi wanaishia na wanakosea, kwa sababu dumu halisukumi. Misuli inasukuma. Mtu wa kilo 80 mwenye mwili wa mazoezi hajabeba dumu, ana mapaja makubwa zaidi, moyo mkubwa zaidi, damu nyingi zaidi na mapafu makubwa zaidi, kwa hiyo uwezo wake nao umepanda. Swali la maana ni hili, je uwezo umepanda kwa kiwango kilekile ambacho uzito umepanda?

Jibu ni hapana, na sababu yake ni ya maumbo tu. Nguvu ya msuli inategemea unene wake ukiukata katikati, yaani eneo. Uzito unategemea ujazo. Mwili ukikua pande zote kwa uwiano mmoja, ujazo unakua haraka kuliko eneo. Na uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni, ile VO2max, nao kwa makadirio haukui sambamba na uzito, unakua kwa uzito ulioinuliwa kwa theluthi mbili. Ukiweka namba, toka kilo 60 kwenda 80 uzito umeongezeka asilimia 33, uwezo wa oksijeni umeongezeka kama asilimia 21. Ukigawa, mkubwa ana kama asilimia 9 pungufu kwa kila kilo. Hapo nawazungumzia watu wawili wanaofanana kila kitu isipokuwa ukubwa, wote fiti, wote wamefanya mazoezi sawa, na bado mlima mkali unamuadhibu mkubwa. Msweden mmoja, Ulf Bergh, aliandika kuhusu jambo hili kwenye skii mwaka 1987 na alichokionyesha kinashangaza ukikisikia mara ya kwanza, kwamba kwenye skii za masafa mtu mzito ana nafuu kwenye tambarare, kwenye mteremko na hata kwenye kamwinuko ka kawaida, na mwepesi anapata nafuu yake pale mlima unapokuwa mkali tu.

Inakuwaje? Kwenye skii mtu anateleza, hajiinui kila hatua kama anayekimbia. Skii iliyopakwa nta vizuri kwenye theluji nzuri inakula nguvu ya asilimia 2 mpaka 5 hivi ya uzito wako, basi. Kinachobaki kwenye tambarare ya spidi kubwa ni upepo, na upepo unagonga eneo la mwili, haugongi kilo. Kwenye kushuka ndo kabisa, mvutano wa dunia unamvuta mzito kwa kilo zake zote wakati upepo unaomzuia umeongezeka kidogo tu, kwa hiyo anashuka haraka zaidi bila kufanya chochote. Na njia za mashindano ya kimataifa zinachorwa hivi: kama theluthi moja kupanda, theluthi moja kushuka, theluthi moja ya mawimbi mawimbi na tambarare. Ndo mana ukiangalia wanaume wanaoongoza utakuta wengi wana kilo 70 mpaka 80, watu wenye mabega, ambao ukiwaweka kwenye mbio za marathoni wangeonekana wamepotea njia.

Ila usisahau muda. Mtu anatumia dakika nyingi zaidi akiwa anapanda kuliko akishuka, kwa sababu kupanda ni taratibu. Theluthi moja ya njia inakula zaidi ya nusu ya muda wa shindano, na ni kule kwenye kupanda watu wanaachana. Kwa hiyo mwili mzuri wa skii ni maelewano, unahitaji kilo zenye kazi na huwezi kubeba kilo zisizo na kazi.

Ukitaka kuona mizani ikiegemea upande mmoja kabisa angalia mlima wa Alpe Cermis kule Italia, ndo wamekuwa wakimalizia Tour de Ski, mashindano ya skii za masafa yanayokwenda kwa hatua kadhaa. Unapanda zaidi ya mita 400 ndani ya kilomita kama tatu na nusu na kuna sehemu mwinuko unafika asilimia 28, huo ni mlima wa watu wa kuteremka wenye skii za kushukia, hao wanaupanda kwenda juu. Pale Therese Johaug wa Norwei, dada mdogo wa umbo kuliko wapinzani wake wengi, ndo alikuwa akiwamaliza watu. Amechukua Tour de Ski 2014, 2016, 2020 na 2025. Mtu akimwangalia kwenye mbio fupi za tambarare haoni hatari yoyote, ukimpa mlima mrefu ni habari nyingine.

Upande wa pili kuna Johannes Høsflot Klæbo, huyu ni Mnorwei pia, anajulikana kwa jinsi anavyofika chini ya kimlima kifupi na kuanza kukimbia na skii miguuni kama hana skii kabisa, sekunde 20 au 30 ameshawaacha. Hapo ndo misuli inalipa. Kimlima cha sekunde 30 mwili unakipanda kwa kiasi kikubwa kwa nishati iliyokwisha kuwekwa ndani ya msuli, haisubiri oksijeni ifike, kwa hiyo mwenye msuli mwingi na wenye kasi ana akiba kubwa zaidi ya kutumia. Tafiti nyingi za wanaskii wa mbio fupi zimekuta kwamba wenye misuli mingi ya kiwiliwili na mikono ndo wenye spidi kubwa ya kusukuma kwa fimbo mbili. Hawa watu wa jimu wanaosema misuli ndo mlima hawajakosea wakiongelea mlima wa nusu dakika.

Mlima wa dakika 20 ni shughuli tofauti. Huko unalipwa kwa oksijeni unayoweza kufikisha kwenye msuli kila dakika, na anayefikisha ni moyo. Ukiwa umekaa moyo unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, mwanaskii wa kiwango cha dunia akiwa anapanda kwa nguvu zote unafika lita 35 na zaidi, ni kitu kikubwa sana kwa kweli, na bado hazitoshi. Hazitoshi kwa sababu miguu inataka yote na mikono inataka yote. Mwili wenye msuli mkubwa kila mahali una wateja wengi kuliko damu iliyopo, na mikono kwa asili inachukua oksijeni kwenye damu vibaya kuliko miguu, wanaskii wenyewe wamepimwa hivyo. Kwa hiyo ukiongeza kilo tatu za kifua na mikono na moyo ukabaki uleule, umeongeza mzigo wa kilo tatu kwenye mlima mrefu bila kuongeza hata lita moja ya oksijeni. Msuli upo, una nguvu kabisa ukiupima jimu, ila mlimani hauna cha kutumia. Hii naomba mtu wa jimu aisome mara mbili.

Na mkimbiaji mwembamba asifurahi sana kwanza. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800, alienda Olimpiki ya Nagano kushindana kilomita 10 za skii. Mtu mwenye mapafu ya Bonde la Ufa, mwepesi, fiti. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya dakika 47, wakati mshindi Bjørn Dæhlie alitumia dakika 27 na sekunde kadhaa, alafu Dæhlie akamsubiri pale mwisho akampokea, jambo ambalo mpaka leo linanigusa. Kubwa lililomkwamisha lilikuwa ufundi wa kuteleza, alianza theluji akiwa mtu mzima, lakini ukifikiria na mwili pia unaelewa, mkimbiaji hajengi mikono, mgongo wala tumbo la kusukuma fimbo maelfu ya mara, hana sababu ya kuvijenga. Wepesi wake ulikuwa halisi, nusu ya juu ndo haikuwa na cha kuchangia.

Kuna kitu kingine ambacho sisi wa huku lazima tukiweke kwenye hesabu, joto. Msuli unapofanya kazi, robo tu hivi ya nishati ndo inakuwa mwendo, inayobaki yote ni joto. Joto linazalishwa na kilo, linatoka kupitia ngozi, na mtu mkubwa ana ngozi kidogo kwa kila kilo. Kwenye theluji ya nyuzi sifuri hilo halimsumbui mtu wa kilo 80. Hapa Dodoma saa nne asubuhi Oktoba linamsumbua vibaya mno, atapanda kimlima cha kwanza vizuri, cha pili vizuri, cha tatu mwili unaanza kupunguza spidi wenyewe ili usichemke. Alphonce Simbu wetu wa Singida alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025 kwa 2:09:48, muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani mpaka mstari ndo ukaamua, kulikuwa na joto na unyevu, na mwili wake mwembamba ulikuwa kwenye mazingira yanayoupendelea. Kwa hiyo ukiona mwanaskii wa kilo 78 anapanda kama swala usinakili uzito wake, yupo kwenye friji.

Sasa mafuta. Mafuta ya mwili hayasukumi chochote, hilo ni kweli, na kwenye mlima yanahesabika yote. Mtu wa kilo 70 akipunguza kilo moja ya mafuta na misuli ikabaki ilivyo, mlima mkali wa nusu saa anaokoa kama sekunde 20 na kitu hivi. Kwa mshindani ni nyingi. Kwa sisi wengine tunaopanda kwa afya ni kitu kidogo kuliko kulala vizuri usiku mmoja. Na mwili unahitaji mafuta, homoni zinatengenezwa kwa msaada wake, wanawake wanahitaji zaidi ya wanaume na siyo uvivu wala kasoro.

Ila kinachoniuma ni jinsi watu wanavyotafuta hiyo kilo. Unakutana na vijana wanakimbia na sweta mbili na nailoni ndani, jua linawaka, wakirudi wanapanda mzani wanashangilia kilo moja na nusu imetoka. Kilichotoka ni maji, lita moja ya jasho ni kilo moja, ukinywa inarudi, na ukiwa umeipoteza damu imekuwa pungufu kwa hiyo moyo unapiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Wengine wanakata ugali na wali wiki nzima wanaona kilo mbili zimeshuka haraka haraka, hapo pia ni vilevile, wanga unaohifadhiwa kwenye msuli unakaa na maji karibu mara tatu ya uzito wake, ukiumaliza yanatoka yote. Umepungua kwenye mzani na umemaliza nishati ya kupandia mlima kwa mkupuo mmoja. Ukiendelea kujinyima mwili unaanza kula msuli wenyewe, na moyo nao ni msuli.

Kwenye michezo ya theluji jambo hili liliwashika pabaya mpaka ikabidi sheria iandikwe. Wale wanaoruka kwa skii walikuwa wanajikondesha ili waelee hewani mbali zaidi, ikafika hatua ya kutisha, na msimu wa 2004/05 shirikisho la kimataifa likaweka utaratibu kwamba ukiwa mwembamba kupita kiwango kwa urefu wako unapunguziwa urefu wa skii, kwa hiyo njaa haikupi faida tena. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaupa jina rasmi upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo na kueleza dalili zake: hedhi kukatika au kuruka, mifupa kupata nyufa ndogo ndogo, damu kupungua, usingizi mbaya, hasira, mwili kutokupona. Na wanaume wanaupata, siyo wasichana peke yao. Kocha yeyote anayemwambia binti wa miaka 15 kwenye mashindano ya shule apunguze mwili ili akimbie vizuri, bila kujua binti huyo anakula nini nyumbani na kama anapata hedhi, anacheza na mifupa ya mtoto wa mtu. Binti akikatika hedhi miezi mitatu ni suala la hospitali, siyo dalili kwamba mazoezi yamekolea.

Habari nzuri ni kwamba nguvu inaweza kupanda bila mwili kupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kule Trondheim, Norwei, watafiti wakina Jan Hoff na Jan Helgerud waliwapa wanaskii mazoezi ya uzito mkubwa sana kwa marudio machache, na kilichotokea ni watu kuongeza nguvu na kutumia nishati kidogo kwa spidi ileile, bila kuvimba. Inawezekana kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya mwanzo inatoka kwenye neva, ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja na haraka. Kwa lugha ya jimu ni kwamba unaacha zile seti za mara 10 mpaka 12 za kujaza msuli, unabeba uzito ambao unauweza mara nne au tano tu, kwa ufundi sahihi, unapumzika dakika tatu, unarudia seti tatu nne, mara mbili kwa wiki. Kuchuchumaa na chuma, kujivuta kwenye bomba, kuvuta kamba kuelekea chini. Kama ndo unaanza usiguse uzito huo kabla ya kujifunza mwendo wenyewe na mtu anayejua.

Na kilo za miguuni zina bei yake peke yake. Kwenye kukimbia, gramu 100 za ziada kwenye kila kiatu zinaongeza matumizi ya oksijeni kama asilimia 1, kwa sababu unazirusha na kuzisimamisha kila hatua. Wa skii za kupanda milima wanalijua hili mpaka wameweka kiwango cha chini, skii moja ya mwanaume pamoja na kifungio chake isishuke gramu 750 hivi, la sivyo watu wangepanda na vitu vinavyokatika. Kwa hiyo kabla hujajinyima chakula pima raba zako, mtumba mzito wa gramu 400 kwa mguu mmoja unaweza kukugharimu kuliko kile kitambi unachokisema.

Ukitaka kujua kwako wewe kilo zipi zina kazi, chagua mwinuko mmoja wa dakika 8 mpaka 15, nenda saa ileile ya asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiwa umekula na umelala, panda kwa nguvu zako zote uandike muda na uzito. Rudia baada ya mwezi. Uzito umeshuka na muda umeshuka, huenda ulichopoteza kilikuwa mafuta. Uzito umepanda kidogo na muda umeshuka, umeongeza msuli unaofanya kazi, usimsikilize anayekwambia umenenepa. Uzito umeshuka na muda umebaki palepale au umeongezeka, huenda unakula msuli wako, ongeza chakula hiyo wiki, hasa wanga kabla ya mazoezi na maharage, karanga, mayai au dagaa baada yake. Na uzito umepanda muda nao umepanda, angalia kwanza kama umeongeza misuli ya juu ambayo mlima wako hauitumii, kwa sababu wewe huna fimbo mkononi.